Mbuzi na Pikipiki Mbele ya Sheria

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, yaweza kumfunga mwizi wa mbuzi hadi miaka 14. Mwizi wa gari au pikipiki, chini ya kifungu cha 278A, hukabiliwa na miaka 7. Walioitunga waliijua thamani ya mifugo. Lakini leo kijana wa Maua au Runyenjes huilisha jamaa yake kwa pikipiki, kama babu yake alivyotegemea ng'ombe.

Tena wengi huinunua kwa mkopo. Ikiibwa, deni halitoweki nayo: mwenyewe huendelea kulipia chombo ambacho pengine kimekwisha kufumuliwa na kuuzwa vipuri. Bima ya lazima ya Sura ya 405 humlinda mtu wa tatu aliyejeruhiwa, wizi haumo.

Sisi wanaisimu hatuwezi kukipita kitenzi. Mswahili husema "nimeibiwa", akamtanguliza aliyedhulumiwa. Hati ya mashtaka hutanguliza mwizi na kitu. Mwenyewe hubaki shahidi. Hata hivyo kifungu cha 31 chairuhusu mahakama kumwamuru mkosaji alipe fidia. Viongozi wa mashtaka wa Meru na Embu waiombe kila mara. Hesabu ya miaka ya kifungo yaweza kungoja.