JE, CHAI NA KAHAWA HULA MIFUPA?

Hapa shuleni kuna ubishi usiokwisha kila saa ya mapumziko: eti turungi na kahawa hula mifupa! Wengine nao husema chai ni dawa. Nani mkweli? Hebu tuchunguze.

Kwanza, mfupa si jiwe. Mfupa uko hai, na ndani yake mna mafundi wa aina mbili. Osteoblasti ni seli zinazojenga. Hizi hutandaza protini iitwayo kolajeni, kisha huishindilia madini ya kalisiamu na fosfeti. Osteoklasti nazo hubomoa mfupa uliochakaa. Kila mwaka takriban asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya. Ubomoaji ukizidi ujenzi, mfupa huwa na matundu kama sifongo. Nyanya yangu aliteleza tu jikoni, nyonga ikavunjika. Majirani wakalaumu chai, lakini daktari alitueleza kuwa mwanamke akishakoma hedhi, homoni inayowazuia wabomoaji hupungua sana.

Sasa tuje kwenye kikombe. Ule ukakasi wa chai huletwa na kemikali ziitwazo polifenoli. Majani mabichi ya chai yana katekini, na kahawa ina asidi klorojeniki. Wanasayansi wamekuza osteoblasti katika vyombo vya maabara na kuzitilia katekini. Kwa kiasi kidogo, seli hizo zilishindilia madini zaidi, nazo osteoklasti zikapunguza kasi. Kiasi kilipozidi mno, seli zenyewe zilidhurika. Kweli, kila kitu kwa kiasi.

Lakini tusishangilie mapema. Chombo cha maabara si mwili wa binadamu! Polifenoli tunazokunywa hugeuzwageuzwa matumboni na kwenye ini, na zinazofika kwenye damu ni chache. Tena chai na kahawa zina kafeini, ambayo hufanya kalisiamu kidogo ipotee kwa mkojo. Kahawa ina kafeini nyingi kuliko chai. Hata hivyo hasara hiyo ni ndogo: vijiko vichache vya maziwa katika kikombe huifidia.

Basi adui ni nani? Kwa maoni yangu, adui si chai bali ni kile ambacho chai huchukua nafasi yake. Sisi wa shule ya kutwa twajuana. Pesa zikikosekana, mtu hunywa turungi na andazi asubuhi, na mchana vivyo hivyo. Hapo fundi yupo kazini lakini hana saruji! Na huu ndio wakati wa kujenga, kwa maana sehemu kubwa ya mifupa yetu hukamilika kabla ya miaka 20. Baadaye ni kulinda tu.

Kwa hivyo, wenzangu, tunywe chai bila hofu, ila tusisahau maziwa, omena wanaoliwa na mifupa yao, na sukuma wiki. Turungi isinywewe pamoja na chakula, kwani polifenoli huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Wasichana hasa wazingatie hilo. Pia tucheze michezo, maana mfupa unaofanyishwa kazi huimarika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa mfupa, ukishaingia uzeeni, ni mgumu kuujenga.