Namba 10 ao 12? Kuchagua kamba za gitare hapa Bunia



Tangu watu wajue kwamba ninatengeneza gitare za korale wakati kazi ya shamba inapumzika, swali moja linanirudia kila mara: «Kaka, ninunue kamba namba ngapi?» Sokoni kuko pakiti zimeandikwa 9, zingine 10, zingine 12, na nyingi hazina kitu kimeandikwa. Muuzaji atakuambia: chukua nene, ile iko solide, haikatiki upesi. Bei iko karibu sawa, basi mtu anachukua nene. Shauri hilo limeharibu gitare nyingi hapa kwetu, na leo nataka tuelewane sababu gani.

Namba yenyewe kwanza. Ni unene wa kamba ya kwanza, ile mi nyembamba, kwa sehemu za elfu za inchi. Inchi iko na milimita 25.4, kwa hiyo namba 10 ni milimita 0.254, na namba 12 ni milimita 0.305. Jicho halioni tofauti hiyo. Kidole kinaisikia, na ubao wa gitare unaisikia zaidi.

Padri mmoja Mfaransa, Marin Mersenne, aliandika kanuni yake mwaka 1636, na haijabadilika hata leo. Sauti ya kamba inategemea urefu wake, mkazo wake, na uzito wa kila kipande chake. Sasa angalia: urefu wa kamba inayolia kwenye gitare ni karibu sentimita 65, huwezi kuubadilisha. Nota nayo, mi ni mi, kamba lazima itetemeke karibu mara 330 kwa sekunde. Vinabaki uzito na mkazo, na hivyo viwili vinatembea pamoja. Ukiweka kamba nzito zaidi, lazima ukaze zaidi ili ufike kwenye nota ile ile. Tena uzito haupandi sawa na unene, unapanda kwa mraba wake. Gawanya 12 kwa 10 unapata 1.2. Zidisha 1.2 kwa yenyewe, unapata 1.44. Ni mkazo zaidi kwa asilimia 44, kwa kamba ambayo jicho linaona iko sawa na ile ingine!

Kwa kilo, mi ya namba 10 inavuta karibu kilo 7.4, ya namba 12 inavuta karibu kilo 10.6. Hiyo ni kamba moja. Kamba zote sita za pakiti ya 12 pamoja zinavuta zaidi ya kilo 70. Waza bidoni tatu na nusu za lita 20, zimejaa maji, zimetundikwa kwenye shingo ya gitare usiku na mchana, hata wakati gitare iko imelala ndani ya mfuko. Pakiti ya 10 ni kati ya kilo 50 na 60. Kamba za nailoni ni karibu 40, yaani bidoni mbili.

Gitare nyingi za bei ndogo zinazofika huku zilitengenezwa kwa zile bidoni mbili. Utazitambua: shingo pana, kichwa kiko na matundu mawili marefu, na kamba zinafungwa kwa fundo kwenye shevale, kile kibao kilichobandikwa juu ya tumbo. Ndani ya shingo kwa kawaida hakuna fimbo ya chuma. Ukiweka chuma pale, gitare italia kwa nguvu, watu watafurahi, na kisha shingo itaanza kupinda kidogokidogo. Korale moja ya mjini ilichanga pesa miezi mingi kununua gitare yake moja. Waliweka kamba za chuma namba 12 ili isikike bila baflu. Haikumaliza msimu wa mvua: shevale ilibanduka pamoja na kipande cha ubao, kati ya repetisyo. Nilijaribu kuibandika. Ilishika wiki chache tu. Gitare haikurudi, na pesa ya ingine mpaka leo haijapatikana.

Na lile neno «nene haikatiki»? Liko na ukweli nusu. Kamba nene inavumilia kutu na kupigwa vikali, nakubali. Lakini kama unataka kupanda juu kuliko nota yake, unene hausaidii kitu. Kamba nene inabeba kilo nyingi zaidi kabla ya kukatika, ndiyo, lakini inadai pia kilo nyingi zaidi kufika kwenye nota ile ile, na hesabu hizo mbili zinapanda kwa mraba ule ule wa unene. Kwa waya wa chuma wa aina moja, nota ambayo kamba itakatikia inategemea urefu na ubora wa chuma. Unene unajiondoa ndani ya hesabu. Wanaagronomia wenzangu wataielewa upesi: kuongeza mbolea hakusaidii kama kinachokosekana ni maji.

Wazee wa rumba ya Kinshasa walijua mambo haya kwa mikono. Tafuta gitare ya tatu, ile inayoitwa mi-composé, inayosokota katikati ya akompanyema na solo. Walitoa kamba ya nne, re nene iliyozungushiwa waya, wakaweka mahali pake kamba nyembamba, iliyokazwa oktava moja juu. Sababu gani hawakukaza tu ile re ya kawaida? Kwa sababu kupanda oktava moja kunadai mkazo mara nne. Kamba iliyokuwa inavuta kilo 12 ingedai karibu 50, ingekatika mbali kabla ya kufika. Mi ya namba 10 ikiwekwa pale inafika kwenye re ya juu kwa kilo 6 hivi, bila kuteseka. Kama unataka kujaribu mi-composé nyumbani, nunua mi mbili za 10, basi. Ni jaribio la bei ndogo kuliko yote ninayojua.

Dada mmoja aliuliza kuhusu mandolini. Kamba yake ni fupi, karibu sentimita 35, lakini mi yake iko oktava moja juu ya mi ya gitare, kwa hiyo namba 10 inafaa pale pia, kwa kilo 8.7 hivi. Kumbuka tu kwamba mandolini iko na kamba nane, na kwamba kamba yake inaishia kwa kitanzi. Ya gitare inaishia kwa kidude cha mviringo. Kivunje taratibu kwa koleo, kitanzi kitabaki.

Mimi nachagua hivi. Shevale ya fundo: nailoni, hakuna mjadala. Gitare ya chuma ya bei ndogo, ao vidole vya mtoto anayeanza: 10. Gitare ya chuma yenye shingo nzuri: 11. Kama uko na 12 tayari na hutaki kuzitupa, shusha kamba zote toni moja, mkazo unapungua kwa asilimia 20 hivi, kisha funga kapo kwenye kisanduku cha pili na uimbe kama kawaida.

Na zile kamba zisizo na namba, pamoja na nyuzi za kebo ya breki ya kinga ambazo vijana wa mitaa wanafungia gitare za kujitengenezea? Rula ya shule haiwezi kupima robo ya milimita. Zungusha kamba mara 20 juu ya kalamu, mizunguko ibanane bila nafasi, kisha pima upana wote. Ukipata milimita 5 na kitu kidogo, uko na namba 10. Ukipata 6 na kitu kidogo, ni namba 12: irudishe kwa muuzaji kabla hujaikata.