Surua huingia kwa mlango wa askari

Bandugu, wazazi wa huku Kapolowe huuliza: mtoto amepona surua, juu ya nini wiki chache baadaye anashikwa na nimonia?

Seli za kinga zina molekuli nyingi juu ya utando wao. Moja inaitwa CD150, na virusi vya surua huishika kama mlango. Watafiti wa Japani walionyesha hivyo mwaka 2000. Kibaya ni kwamba seli ikiamshwa kwa vita huongeza CD150, njo kusema milango inazidi. Seli za kumbukumbu, zile zinazojua magonjwa ya zamani, zinayo tele. Zinaambukizwa, nyingi zinakufa.

Sitokini nazo hazilali. Interferoni huamuru seli zipandishe juu molekuli za MHC, zinazoonyesha vipande vya virusi, ili seli yenye ugonjwa itambuliwe na kuuawa. Virusi vinaondoka, lakini na kumbukumbu imeenda.

Kiasi gani? Uholanzi, watoto 77 wasiochanjwa walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya antibodi zao. Utafiti ulitoka 2019, wakati surua ikiua maelfu hapa kwetu Kongo. Waliochanjwa hawakuonekana kupoteza hivyo.