Kwa nini Wizara ya Haki huja na kuondoka na katiba

KENYA haina Waziri wa Haki. Haijakuwa naye tangu 2013, na katika miaka zaidi ya 60 ya kujitawala, wizara ya haki au ya masuala ya katiba imekuwapo kwa vipindi vitatu pekee ambavyo, vikijumlishwa, ni kama miaka 15 hivi. Kila mara wizara hiyo ilipokuwapo, katiba ilikuwa mezani ikikatwa na kushonwa upya. Kazi ilipoonekana imekwisha, wizara ilikunjwa kama mkeka na shughuli zake zikarejeshwa Sheria House, kwa Mkuu wa Sheria.

Wa kwanza kuiongoza alikuwa marehemu Tom Mboya. Serikali ya Madaraka ilipoundwa Juni 1963, alikabidhiwa Wizara ya Haki na Masuala ya Katiba. Katiba iliyotoka katika mazungumzo ya Lancaster House, London, ilikuwa imeigawa nchi kwa mfumo wa majimbo, ambao chama cha KANU hakikuupenda tangu mwanzo. Kufikia Desemba 12, 1964, Kenya ilipokuwa jamhuri, majimbo yalikuwa yamekwisha kupokonywa nguvu. Mboya alihamishiwa Wizara ya Mipango ya Uchumi, na hapakuwa na haja tena ya kumtafuta mrithi wake katika ile ya Haki.

Uzani wote ukaangukia kwa Charles Njonjo, Mkuu wa Sheria kuanzia 1963 hadi 1980. Mamlaka ya ofisi hiyo chini ya katiba ya zamani ni vigumu kwa kijana wa leo kuyaamini. Mtu mmoja aliishauri serikali, akaamua nani ashtakiwe na nani aachwe, kisha akaketi Bungeni na katika Baraza la Mawaziri bila kupigiwa kura na yeyote.

Njonjo alipojiuzulu 1980 na kuchaguliwa mbunge wa Kikuyu, Rais Daniel arap Moi alimteua Waziri wa Mambo ya Ndani na Katiba, na baadaye akamwachia masuala ya katiba pekee. Ni yeye aliyewasilisha Bungeni, Juni 1982, mabadiliko yaliyoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka mmoja baadaye alisimamishwa kazi, akachunguzwa na tume ya majaji, na wadhifa wake ukaondoka naye.

Wizara ilifufuka Januari 2003, serikali ya NARC ilipoingia madarakani. Rais Mwai Kibaki alimteua Kiraitu Murungi, wakili wa haki za binadamu, kuiongoza. Wananchi walikuwa na matumaini makubwa. Mwezi uliofuata, vyumba vya mateso vilivyo chini ya jumba la Nyayo House, Nairobi, vilifunguliwa ili umma uvione. Sheria ya kupambana na ufisadi na ile ya maadili ya watumishi wa umma zilipitishwa mwaka huo huo. Kisha ukaja ule "upasuaji mkubwa" wa Idara ya Mahakama, ambapo majaji 23 na mahakimu 82 walitajwa katika uchunguzi wa ufisadi. Wengi waliushangilia. Hata hivyo, kuna majaji waliojua wametajwa kupitia vyombo vya habari, na kwa wizara iliyobeba jina la haki hilo lilikuwa doa.

Katiba mpya, iliyoahidiwa kwa siku 100, ilikataliwa katika kura ya maamuzi ya Novemba 2005. Kiraitu alihamishiwa Kawi, na Martha Karua akachukua nafasi yake. Bi Karua ndiye aliyewasilisha mswada wa kuunda mahakama maalumu ya humu nchini ya kuwashtaki wahusika wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Februari 2009 mswada huo ulikosa thuluthi mbili ya kura za wabunge, na safari ya kwenda The Hague ikaanza. Aprili alijiuzulu, akilalamika kwamba majaji waliteuliwa bila yeye kuhusishwa. Marehemu Mutula Kilonzo, aliyemrithi, alikuwa na bahati ya kuiona katiba mpya ikipitishwa Agosti 2010. Eugene Wamalwa alifunga orodha kwa mwaka mmoja tu, 2012 hadi 2013.

Rais Uhuru Kenyatta alipounda serikali yake 2013, wizara iligeuzwa idara ndani ya Ofisi ya Mkuu wa Sheria. Hoja ilieleweka. Katiba ilikuwa tayari, mashtaka yalikuwa yamekabidhiwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliye huru, na uteuzi wa majaji ulikuwa umeingia mikononi mwa Tume ya Huduma za Mahakama. Waziri angebaki na kazi gani?

Kazi ilikuwapo, na mgongano uliopo unaonekana hapo. Kifungu cha 156 cha Katiba kinamtaka Mkuu wa Sheria aiwakilishe serikali ya kitaifa mahakamani. Kifungu hicho hicho kinamtaka alinde utawala wa sheria na maslahi ya umma. Rais Kenyatta alipokataa kuwateua majaji waliopendekezwa na tume mwaka 2019, Mkuu wa Sheria Paul Kihara Kariuki ndiye aliyemtetea kortini. Katika baraza zima hapakuwa na waziri ambaye kazi yake ilikuwa kumwambia Rais kinyume cha hayo. Kati ya majaji hao, 34 waliteuliwa Juni 2021, na sita walioachwa walingoja hadi Rais William Ruto alipoingia madarakani Septemba 2022.

Wanaouhisi mgongano huo zaidi ni waathiriwa wa dhuluma za zamani. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliwasilisha ripoti yake Mei 2013, wizara ikiwa imekwisha kuvunjwa. Machi 2015 Rais Kenyatta alitangaza hazina ya Sh10 bilioni ya kuwafidia waathiriwa. Kanuni za kuiendesha zilipaswa kutoka katika ofisi ya Mkuu wa Sheria, na Rais huyo aliondoka madarakani 2022 kabla ya hazina hiyo kumlipa yeyote.

Wakati huo huo, walioteswa Nyayo House wamekuwa wakienda Mahakama Kuu, na wengi wameshinda tangu 2010. Mshtakiwa katika kesi zao ni Mkuu wa Sheria, kwa niaba ya serikali. Mawakili wake ndio hupinga madai na kukata rufaa. Sheria ya kesi dhidi ya serikali nayo hairuhusu mali ya umma kunadiwa ili kulipa deni la mahakama, kwa hivyo mshindi hutoka kortini na cheti cha kudai fedha, kisha hukipeleka serikalini na kungoja.

Dorcas Oduor, mwanamke wa kwanza kuwa Mkuu wa Sheria nchini, aliapishwa Agosti 2024. Alipokea majukumu yote mawili: kuwatetea wanaodaiwa, na kuwasimamia maafisa wa Idara ya Haki, ambao kazi yao ni kuona kwamba wanaodai wamelipwa.