Presha ikiyumba kwenye mtambo wa maziwa, weka spana chini

UMEPATA kibarua kiwandani, uko zamu ya usiku, na maziwa yameanza kupita polepole kwenye mtambo wa kupashia moto. Usikimbilie spana.

Mtambo huu ni mabamba membamba ya chuma yaliyobanwa pamoja, raba zikiziba kingo. Maziwa hupita upande mmoja wa bamba, maji moto upande wa pili. Ili bakteria hatari wafe, maziwa hufikishwa nyuzi 72 kwa sekunde 15.

Soma geji ya kuingia na ya kutoka. Tofauti ikizidi ile ya mtambo ukiwa safi, na maziwa yanapungua, njia zimeziba. Mara nyingi ni maziwa yaliyogandia mabamba. Safisha kwa kostiki soda, suuza vizuri, ndipo uingize asidi.

Lakini tofauti ikishuka pamoja na mtiririko, mabamba hayana makosa. Angalia pampu, chujio, au vali iliyofungwa nusu. Wengi hufungua mabamba yote bure, aisee.

Kuna moja inayotisha. Mahali maziwa mabichi yanapopokea joto la yale yaliyopashwa, presha ya yaliyopashwa lazima iwe juu. Hivyo bamba likitoboka, yaliyo salama ndiyo huvujia mabichi. Presha ikigeuka, uchafu unaingia kwenye pakiti na macho hayataona kitu. Simamisha mtambo, hata supavaiza akipiga kelele kwamba lori linangoja.