Hisabati Ngumu Nayo Ni Haki ya Mtoto wa Kijijini

Mkoa wa Singida husifiwa kwa mambo mengi. Alizeti yake yajulikana, vitunguu vyake vyajulikana, na kuku wake hupakiwa katika matenga na kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Lakini ni nadra kusikia Singida ikitajwa panapozungumzwa hisabati ya mashindano, yaani yale maswali magumu wanayopewa wanafunzi hodari ili kupima si kumbukumbu zao bali uwezo wao wa kufikiri. Wala si Singida peke yake. Lindi haitajwi, Kigoma haitajwi, Micheweni nayo haitajwi. Kwa hiyo makala haya, ingawa yanatoka katikati ya Bara, yanawahusu ndugu zetu wa Visiwani sawasawa. Mtihani wa kidato cha nne anaoufanya mtoto wa Wete ndio ule ule anaoufanya mtoto wa Kiomboi, na Baraza la Mitihani ni jambo la Muungano.

Kwa miaka mingi somo la Hisabati limekuwa mkiani katika matokeo ya mtihani huo. Kila yanapotangazwa, viongozi husikitika, wazazi hulaumu walimu, walimu hulaumu upungufu wa vitabu, kisha mwaka mwingine huanza. Katika hali hiyo, mtu akisema kwamba wanafunzi wapewe maswali magumu zaidi, ataonekana amerukwa na akili. Ataulizwa: hawa walioshindwa kujumlisha sehemu utawapa fumbo la nini? Na wengine, hasa sisi tuliolelewa katika siasa ya usawa, watauliza kama huko si kuwatenga wachache na kuwapa cha moto huku wengi wakipewa kiporo.

Maswali yote mawili ni ya haki, na yanastahili kujibiwa. Lakini kwanza yafaa tuone maswali yenyewe yana sura gani, maana wengi tunaogopa kitu tusichokijua.

Chukua kuku hao hao wa Singida. Mama mmoja wa Iramba ana kuku 10 na viota 9. Usiku kuku wote wameingia katika viota. Basi hapana budi kiota kimoja kiwe na kuku zaidi ya mmoja. Hata mtoto wa darasa la pili ataona hivyo, na pengine atacheka kwamba hilo nalo limekuwa hisabati. Sasa mwambie mwanafunzi wa kidato cha tatu aandike namba za kuhesabia 11 zozote azipendazo, ziwe ndogo au kubwa, kisha athibitishe kwamba lazima zimo mbili ambazo tofauti yake inagawanyika kwa 10 bila baki. Atahangaika. Ataanza kujaribu namba hizi na zile, wala hatamaliza, kwa kuwa namba hazina mwisho. Ufumbuzi ni wa kuku na viota: tarakimu ya mwisho ya namba yoyote ni moja kati ya 10, tangu 0 hadi 9; namba ni 11; basi mbili zitashirikiana tarakimu ya mwisho, na tofauti yake itaishia na sifuri. Hapakuhitajika kanuni ya kukariri. Kilichohitajika ni kutambua kwamba jambo geni ni jambo analolijua, limevaa nguo nyingine.

Au tuchukue jambo linalowahusu ndugu viongozi. Katika mkutano wowote, wa kijiji au wa mkoa, watu hupeana mikono. Wengine hupeana na wengi, wengine na wachache, na yuko yule anayeketi nyuma bila kumshika mtu mkono. Mwisho wa mkutano hesabu wale tu waliopeana mikono mara witiri, yaani mara 1, au 3, au 5, na kuendelea. Idadi ya watu hao daima itakuwa shufwa. Kwa nini? Kila kupeana mkono mara moja huhesabiwa mara mbili, kwa huyu na kwa yule; kwa hiyo jumla ya hesabu za watu wote ni shufwa. Waondoe wale wenye hesabu shufwa, jumla inayobaki ni shufwa bado. Na namba witiri haziwezi kujumlishwa zikatoa shufwa isipokuwa ziwe zenyewe shufwa kwa idadi. Uthibitisho umekwisha, na unafaa kwa mkutano wa watu saba kama kwa mkutano wa watu elfu saba.

Hapa niseme neno kidogo juu ya hayo maneno mawili. Mtoto aliyepita chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani hahitaji kufundishwa witiri ni nini, maana amekwisha kuisikia katika sala ya usiku yenye rakaa moja au tatu. Neno la hisabati liko kinywani mwake kabla hajaijua kalamu. Hata neno aljebra lenyewe limetoka katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi wa Baghdad, wa karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inashughulikia namna ya kugawa mirathi. Kwa watu wa mwambao hisabati si mgeni aliyeshuka juzi bandarini. Wala si mgeni kwa watu wa Bara: nani hajawahi kuulizwa utotoni namna ya kuvusha chui, mbuzi na majani kwa mtumbwi mmoja bila kitu kuliwa? Lile ni swali la mashindano, limekosa cheti tu.

Mashindano makubwa ya dunia kwa wanafunzi wa sekondari yalianza mwaka 1959 huko Romania, yakihudhuriwa na nchi 7. Siku hizi nchi zinazoshiriki zimepita 100, na mwaka 2014 yalifanyika kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, mjini Cape Town. Kila nchi hupeleka wanafunzi wasiozidi 6. Maswali ni 6 kwa siku mbili, matatu kila siku, kwa muda wa saa nne na nusu. Yaani saa moja na nusu kwa swali moja! Mwanafunzi wetu aliyezoea kujibu maswali mengi kwa haraka hushangaa hapo. Sisi wa Afrika tunayo mashindano yetu ya bara zima tangu mwaka 1987, yalipoanza Rabat. Tanzania nayo imekwisha kupeleka vijana wake katika uwanja wa dunia, na Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kilichoundwa mwaka 1966, kimekuwa kikilea jambo hili kwa juhudi inayostahili kushukuriwa.

Swali la kwanza kabisa la mwaka ule wa 1959 laweza kuandikwa kwa mstari mmoja. Iko sehemu ambayo kiasi chake ni 21n + 4 na asili yake ni 14n + 3. Thibitisha kwamba, n ikiwa namba yoyote ya kuhesabia, sehemu hiyo haiwezi kurahisishwa. Mwanafunzi wa darasa la saba amekwisha kufundishwa kigawo kikubwa cha shirika, nacho ndicho ufunguo. Zidisha asili kwa 3, upate 42n + 9. Zidisha kiasi kwa 2, upate 42n + 8. Toa. Inabaki 1. Namba yoyote inayogawanya kiasi na asili kwa pamoja hapana budi igawanye na hiyo 1, na namba hiyo ni 1 peke yake. Swali lililowakusanya vijana hodari wa nchi 7 linafumbuliwa kwa maarifa ya shule ya msingi ya Kinampanda.

Basi kinachomkosesha mtoto wa kijijini ni nini? Nionavyo mimi ni vitu viwili. Cha kwanza ni ukosefu wa mtu wa kumwambia kwamba maswali haya yako na kwamba anaruhusiwa kuyajaribu. Shule zilizojulikana tangu zamani kwa wanafunzi wenye vipaji, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora, ziko nje ya mkoa huu, na ziko nje ya Visiwa. Kipaji hakisubiri barua ya uteuzi. Kikikosa chakula hufa kimya kimya.

Tunao mfano wetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona kwamba maziwa aliyoyatia jokofuni yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alichekwa. Hakunyamaza. Alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam aliyezuru shule yao. Naye akaenda kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 makala ya watu hao wawili ikachapishwa. Leo wataalamu wa dunia nzima wanabishana juu ya jambo lenye jina la Mpemba. Tujiulize ni akina Mpemba wangapi waliochekwa wakakaa chini.

Cha pili ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali huku Bara hujifunza shufwa, witiri, kiasi na asili. Akiingia kidato cha kwanza, maneno yote hayo huzikwa, naye huanza upya kama bubu. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Haikuwa hivyo. Lakini wengi hawajui kwamba katika mashindano ya dunia mshindani hupewa maswali katika lugha anayoiomba, na anaruhusiwa kujibu kwa lugha yake. Maryam Mirzakhani, binti wa Iran aliyepata alama zote 42 mwaka 1995, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Nishani ya Fields, alisomeshwa hisabati shuleni kwa Kiajemi.

Sasa nirudi kwa yule aliyeuliza juu ya usawa. Kutenga ni kuyafungia maswali haya katika shule nne tano. Ukiyabandika ukutani mwa kila shule ya kata, kila Jumatatu swali moja, yeyote apitaye ataliona, na aliyeshindwa kujumlisha sehemu huenda akavutwa na kuku wa mama wa Iramba kuliko alivyovutwa na kitabu. Jambo hili halihitaji maabara wala fungu jipya. Lahitaji karatasi, na mwalimu asiyeona haya kusema mbele ya darasa, “Hata mimi sijalifumbua, tulifikirie pamoja.” Walimu wa namna hiyo hawazuki; wanafundwa. Chuo cha Ualimu Kinampanda kiko hapa hapa Iramba, na maofisa elimu wa mkoa wanajua njia ya kufika.

Visiwani, Lumumba kwa Unguja na Fidel Castro kwa Pemba zingeweza kuanza kubadilishana maswali na Sekondari ya Mwenge ya mjini Singida, kwa barua kama zamani au kwa simu kama leo. Ili wasikose pa kuanzia, nalitoa la kwanza. Abiria sita wamekutana katika boti ya kwenda Unguja. Thibitisha kwamba daima watakuwamo watatu wanaojuana wote kwa wote, au watatu ambao hakuna kati yao anayemjua mwenzake. Halihitaji kanuni yoyote. Anza na abiria mmoja, utazame wale watano waliobaki.