Chakula cha Kuongeza Damu Mkononi mwa Mtoto

Mtoto anapozaliwa huja na akiba ya madini ya chuma, ambayo aliipata katika damu ya mama yake alipokuwa tumboni. Akiba hiyo ni kama nafaka iliyowekwa ghalani baada ya mavuno: kila siku huchotwa kidogo, na kila siku hupungua. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kamili na mwenye uzito wa kutosha hutoshelezwa nayo kwa muda wa miezi 4 hadi 6 hivi. Lakini aliyezaliwa kabla ya wakati wake, au aliyezaliwa mdogo sana, akiba yake huisha mapema zaidi. Mtoto wa namna hiyo yapasa apelekwe kliniki mapema, ili waganga waamue kama anahitaji kupewa dawa ya madini hayo.

Maziwa ya mama ni bora kupita vyakula vyote vya mtoto mchanga. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri kwamba mtoto anyonyeshwe tu, bila ya kupewa chakula wala kinywaji kingine, hata maji, mpaka atimize miezi 6. Kisha aendelee kunyonya huku akilishwa vyakula vingine mpaka afike miaka 2 au kupita. Lakini maziwa ya mama yana madini ya chuma machache sana. Hayo machache huingia mwilini vizuri, ila hayawezi kulijaza tena ghala lililokwisha. Basi mtoto anapotimiza miezi 6 mambo mawili humfikia pamoja: akiba yake inakwisha, na mwili wake unaokua kwa haraka unataka damu zaidi.

Watu wengi hustaajabu wakiambiwa kiasi cha madini hayo anachohitaji mtoto. Wataalamu wa chakula wa Marekani, katika makadirio waliyoyatoa mwaka 2001, walisema kwamba mtoto wa miezi 7 mpaka 12 anahitaji miligramu 11 za chuma kwa siku, na mwanamume mzima miligramu 8 tu. Maana yake ni kwamba mtoto asiyejua hata kutembea, mwenye tumbo lisilopokea zaidi ya kikombe kimoja kwa wakati mmoja, anahitaji chuma kuliko baba yake anayelima kutwa. Kwa hiyo kila tonge linaloingia katika tumbo hilo dogo lazima liwe na maana.

KUSHIBA SI KUPATA DAMU

Katika nyumba nyingi za Kenya chakula cha kwanza cha mtoto ni uji wa mahindi, na baada yake ugali laini uliochovywa katika mchuzi au katika chai ya maziwa. Mtoto hushiba, hulala, na wazazi huridhika. Lakini kushiba ni jambo moja, na kupata damu ni jambo lingine. Unga wa mahindi yaliyokobolewa umepoteza sehemu kubwa ya madini yake. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewataka wenye viwanda waongeze madini ya chuma na vitamini katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti. Lakini mahindi yanayosagwa katika kinu cha posho kijijini kwa kawaida hayaongezwi kitu.

Chai nayo ina ubaya wake kwa mtoto. Ndani yake mna kitu kiitwacho tanini, ambacho hushikamana na madini ya chuma na kuyazuia yasiingie katika damu. Mama aweza kupika chakula chema, kisha akakiharibu kwa kikombe kimoja cha chai. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo mno, na mtoto akinyweshwa mengi hujaa tumbo asitake chakula kingine.

Upungufu wa damu hauji kwa kishindo. Mtoto huanza kuwa mnyonge, hachezi kama wenzake, hukataa chakula, na viganja vyake na ndani ya kope za macho huwa vyeupe. Wengine hula udongo. Lililo baya zaidi ni kwamba madini ya chuma hayatengenezi damu peke yake, bali yanahitajiwa pia na ubongo. Miaka 2 ya kwanza ndiyo miaka ambayo ubongo hukua kwa haraka zaidi, na upungufu wa wakati huo waweza kuacha athari katika kujifunza kwake ambayo haiondoki kwa urahisi, hata damu ikirudi baadaye.

VYAKULA VYENYE CHUMA

Madini ya chuma yaliyomo katika vyakula ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ya wanyama, kama maini, nyama ya ng'ombe na ya mbuzi, nyama ya mapaja ya kuku, na samaki. Hii huingia katika damu kwa urahisi. Namna ya pili ni ile ya mimea, kama ndengu, maharagwe, kunde, wimbi, mchicha ambao wengine huuita terere, na mnavu ambao wengi huuita managu. Hii huingia kwa shida, na sehemu yake kubwa hupita tu. Mayai nayo hujenga mwili na ni chakula chema, lakini chuma chake hakiingii vizuri.

Hata hivyo mama asiye na nyama kila siku asikate tamaa, kwa maana ziko njia tatu za kusaidia chuma cha mimea. Kwanza, nyama au samaki kidogo wakichanganywa na ndengu au mboga, huvuta na chuma cha mimea hiyo kiingie mwilini. Pili, matunda na mboga zenye vitamini C, kama chungwa, pera, papai, embe na nyanya, zikiliwa pamoja na chakula hicho hufanya kazi kama hiyo. Tatu, nafaka na kunde zina kitu kinachofunga madini yake, na kitu hicho hupungua zikilowekwa, zikichipuzwa au unga wake ukichachushwa. Wazee waliochachusha uji wa wimbi na mtama walikuwa wakifanya jambo lenye faida.

Hapa pana neno kwa akina baba pia. Magharibi ya Kenya yajulikana sana desturi ya kumwekea mwenye nyumba firigisi ya kuku, na katika nyumba nyingi nyama nzuri huwaendea wakubwa, naye mtoto hupata mchuzi. Mchuzi una ladha ya nyama, lakini nyama yenyewe imebaki katika sahani nyingine. Baba hapungukiwi na heshima akiamuru kwamba ini la kuku huyo atengewe mtoto.

WAKATI WA KUMPA MKONONI

Katika mwezi wa 7 mtoto hulishwa chakula kilichopondwa, kizito kisichomwagika katika kijiko. Aanze kwa vijiko 2 au 3, mara 2 mpaka 3 kwa siku, kisha aongezewe kidogo kidogo. Kuanzia miezi 9 ale mara 3 au 4. Kufikia miezi 8 hivi watoto wengi huweza kushika chakula wenyewe. Aliye tayari huketi wima, hushika vitu na kuvipeleka kinywani, na kichwa chake hakilegei. Kula kwa mkono wake kunamfundisha kutafuna, lakini hakuondoi kijiko. Vyote viwili viende pamoja.

Mwanzoni mtoto hushika kwa kiganja chote, kwa hiyo chakula kikatwe au kifinyangwe kirefu kama kidole cha mtu mzima, ili ncha itokeze nje ya ngumi yake. Baadaye, akiweza kuokota kwa kidole gumba na cha shahada, apewe vipande vidogo. Kipimo cha ulaini ni hiki: mama abonyeze chakula kati ya vidole vyake viwili. Kikipondeka bila nguvu, chafaa. Kisipopondeka, kirudi motoni.

MAPISHI MATATU

Vidole vya maini na viazi vitamu. Twaa ini moja la kuku, au kipande cha ini la ng'ombe kilicho sawa nalo. Lioshe, ondoa ngozi na mishipa, ulichemshe kwa maji kidogo pamoja na nyanya mpaka ndani kusiwe na damu. Liponde kabisa pamoja na kiazi kitamu kilichochemshwa, ufinyange vidole, uviache vipoe. Maini yana vitamini A nyingi sana, kwa hiyo mara 1 kwa juma yatosha.

Vidole vya ndengu na omena. Loweka ndengu usiku kucha, mwaga maji hayo, uzichemshe mpaka zilainike, uziponde. Chagua omena wakavu, wale wa Ziwa Victoria ambao kwingine huitwa dagaa, uondoe mchanga, uwaoshe kwa maji ya moto mara kadhaa na kuwakausha juu ya kikaango. Kisha uwatwange na kuwachekecha mpaka wawe unga laini usio na mfupa hata mmoja. Katika kikombe 1 cha ndengu tia kijiko 1 au 2 cha unga huo, changanya na ndizi ya kupika iliyopondwa ili vishikamane, ufinyange, uvipashe moto kwa mafuta kidogo. Mpe mtoto pamoja na papai lililoiva.

Vidole vya nyama na mchicha. Nyama isagwe, au itwangwe katika kinu mpaka isiwe na nyuzi. Iive kabisa pamoja na nyanya na majani machanga ya mchicha yaliyokatwakatwa. Changanya na viazi vilivyopondwa, ufinyange kama vile vya kwanza.

Vyote visitiwe chumvi wala sukari. Chakula kigeni kianzishwe kimoja kimoja, ili mtoto akitokwa na vipele au akitapika, mama ajue sababu. Asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka 1, kwani yaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda.

HADHARI YA KUSAKAMWA

Mtoto anayejilisha aketi wima, naye mtu mzima awe mbele yake muda wote. Asipewe chakula akiwa amelala, akiwa mgongoni, au akitambaa, wala asiachiwe ndugu yake mdogo kumwangalia. Njugu nzima, bisi, karoti mbichi, zabibu nzima, mapande ya nyama ngumu na samaki wenye miiba ni hatari, na visiwekwe karibu naye.

Mtoto akikohoa kwa nguvu na kulia, aachwe akohoe, anajisaidia mwenyewe. Lakini akinyamaza, asiweze kupumua wala kulia, alazwe kifudifudi juu ya mkono wa mtu mzima, kichwa kikiwa chini kuliko mwili, apigwe kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Chakula kisipotoka, ageuzwe chali, asukumwe katikati ya kifua mara 5, na kurudia hivyo huku mtu mwingine akitafuta msaada. Kidole kisitiwe kinywani kutafuta kitu kisichoonekana, maana chaweza kukisukuma ndani zaidi.

Usafi nao usisahauliwe. Mikono ya mama na ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na chakula kilichopikwa asubuhi kisikae katika joto mpaka jioni.

CHAKULA NA DAWA

Yapasa ifahamike kwamba damu ya mtoto haipungui kwa ajili ya chakula peke yake. Malaria huiharibu, na safura, yaani minyoo inayonyonya damu, huimaliza. Mtoto mweupe wa viganja, anayehema haraka au aliye mnyonge sana, asingojeshwe apone kwa maini na ndengu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, apimwe damu. Wala dawa ya madini ya chuma isinunuliwe dukani bila ushauri, hasa katika sehemu zenye malaria, kwa kuwa kipimo chake ni kazi ya waganga na ikizidi ni sumu kwa mtoto.

Kila mara mtoto anapopelekwa kliniki kupimwa uzito, mama achukue kijitabu chake cha afya, aeleze bila kuficha ni chakula gani mtoto alichokula juma lile, naye muuguzi atamwonyesha kilichopungua. Ikiwa katika siku hizo 7 mtoto alikula uji na chai tu, pa kuanzia ni kuondoa chai, na kuweka mahali pake kidole kimoja cha ndengu na kipande cha papai.